C+ yako ni ya 46 au ya 52?

Matokeo ya KCSE yakitoka, mtaa mzima una swali moja: "Ulipata ngapi?" Jirani anauliza, anko anapiga simu kutoka Mombasa, hata msee wa boda ambaye hamjawahi kusalimiana anataka kujua. Cha ajabu ni kwamba swali ni la namba lakini jibu huwa herufi. B minus. C plus. D plain. Ukishaitaja, mazungumzo yanaisha, kila mtu anaenda na maoni yake kukuhusu.

Nami nikuulize lingine. Hiyo C+ yako ni ya pointi ngapi?

Nimewauliza wengi swali hili, wengine wao wako chuo mwaka wa pili, na wachache mno wamejibu bila kuchukua simu na kuanza kupiga hesabu. Siwalaumu. Miaka minne shuleni tunafundishwa jinsi ya kutafuta eneo la duara na jinsi chumvi inavyotengenezwa kwenye maabara, lakini hesabu itakayoamua tutaenda wapi baada ya lango kufungwa hakuna anayetuketisha chini kutueleza. Basi tuifanye hapa.

Kila somo la KCSE lina gredi kumi na mbili. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, hivyo hivyo kushuka hadi E ambayo ni pointi 1. C+ ni 7. C ya kawaida ni 6. Hata ukifanya masomo manane au tisa, yanayohesabiwa ni saba tu. Saba mara 12 ni 84, na ndiyo sababu unasikia watu wakisema "nilikuwa na 60" au "nilikuwa na 71". Ukichukua jumla yako ukaigawanya kwa saba, unapata wastani, na wastani huo unasongezwa hadi namba nzima iliyo karibu. Namba hiyo inageuzwa kuwa herufi tena, na hiyo ndiyo gredi inayotangazwa kanisani Jumapili.

Sasa angalia kinachotokea kwenye kule kusongeza. Mwenye pointi 46 akigawanya kwa saba anapata 6.57, inapanda kuwa 7, ana C+. Mwenye pointi 52 anapata 7.43, inashuka kuwa 7, naye ana C+. Wote wawili wana herufi moja na wote wataandika "C+" kwenye CV, ila kati yao kuna tofauti ya pointi sita. Kisha kuna yule wa 45. Anagawanya, anapata 6.43, inashuka kuwa 6. C plain. Yeye na wa 46 wametenganishwa na pointi moja, yaani gredi moja kwenye somo moja, labda C- ya Kemia ambayo ingekuwa C. Na kwa kuwa mlango wa shahada nchini hufunguka kwa C+, huyu wa 46 ataitwa na KUCCPS kuchagua kozi za digrii, na wa 45 ataambiwa atafute diploma.

Kwa hivyo walio mbalimbali tunawaita sawa, na walio karibu kabisa tunawatenga. Sina ugomvi na kuwepo kwa mpaka, kwa maana lazima mahali fulani mstari uchorwe. Ugomvi wangu ni kwamba tunauchora mstari halafu tunaficha namba zilizouchora.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajalifuatilia. Hesabu yenyewe ilibadilishwa. Kabla ya 2023, masomo saba yako hayakuwa ya kujichagulia. Hisabati, Kiingereza na Kiswahili yalikuwa lazima yahesabiwe, yote matatu. Kisha sayansi mbili, somo moja la kundi la Historia, Jiografia na dini, na la saba ndilo ulilotoa kwa yaliyosalia. Kuanzia KCSE ya 2023, kufuatia mapendekezo ya Jopokazi la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, lazima ni Hisabati na lugha moja tu, ile uliyofanya vizuri zaidi, ikiwemo Lugha ya Ishara ya Kenya. Matano yaliyobaki ni yale uliyoyapasi zaidi, yawe ya kundi lolote.

Tujaribu na mtahiniwa wa kubuni, binti wa Umoja au wa Kisauni, chagua mwenyewe. Hisabati amepata D+ (4). Kiingereza C- (5). Kiswahili B (9). Bayolojia C (6). Kemia D+ (4). CRE B (9). Historia B- (8). Biashara C+ (7).

Kwa hesabu ya zamani: 4 ya Hisabati, 5 ya Kiingereza, 9 ya Kiswahili, 6 na 4 za sayansi, 9 ya CRE, na 8 ya Historia kama somo la saba. Jumla 45. C plain, pole sana.

Kwa hesabu mpya: 4 ya Hisabati, 9 ya Kiswahili, kisha matano bora, ambayo ni 9, 8, 7, 6 na 5. Jumla 48. C+, hongera, leta soda.

Binti ni yuleyule na karatasi ni zilezile. Hajajibu swali hata moja zaidi. Kilichobadilika ni kikokotoo. Na mimi nayaunga mkono mageuzi hayo, niseme wazi. Mtu mwenye kipaji cha Historia na Kiswahili hakustahili kuzamishwa na Kemia ambayo katika shule nyingi hakupewa nafasi ya kuikataa. Lakini hapa ndipo vijana wengi huchomeka, kwa sababu wanadhani C+ ikishapatikana kazi imeisha.

Haijaisha. Herufi inakufikisha langoni tu. Ndani, kila kozi ina masomo yake inayoyauliza kwa jina. Binti wetu ana C+ safi, lakini kozi nyingi za biashara zitamwomba angalau C ya Hisabati, na yeye ana D+. Uhandisi utauliza Fizikia ambayo hakuifanya. Uuguzi utaiangalia ile Kemia. Kwa upande mwingine, sheria inataka B ya Kiingereza au ya Kiswahili, na hiyo B anayo, jambo ambalo nina hakika hakuna mtu nyumbani kwao aliyemwambia. Kiswahili ambacho watu hukichukulia kama somo la kujazia ratiba kimemfungulia mlango ambao Kiingereza chake kingeufunga.

Halafu kuna pointi za klasta. Hizi ni kati ya 48, kwa sababu zinatokana na masomo manne ambayo kozi fulani inayathamini, kila moja likiwa na pointi 12. Lakini si hayo manne peke yake, maana matokeo yako ya jumla pia huingizwa humo. Kanuni ambayo wanafunzi wengi hutumia kujikadiria ni hii: chukua jumla ya masomo manne ugawanye kwa 48, chukua jumla yako ya masomo saba ugawanye kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Kwa binti wetu, tuseme masomo manne ya sheria kwake ni Kiswahili 9, CRE 9, Historia 8 na Bayolojia 6, jumla 32. Ukikokotoa na ile 48 yake ya jumla unapata takriban 29.6.

Chukua sasa mwenzake ambaye kwenye masomo hayo manne ana 32 vilevile, lakini jumla yake ni 52. Anapata takriban 30.8. Wote C+, wote na gredi sawa katika masomo yanayohusika, ila mmoja yuko mbele kwa zaidi ya pointi nzima, na kwenye kozi zinazogombaniwa watu huachwa nje kwa sehemu ya kumi. Unaona sasa kwa nini nakuuliza 46 au 52? Herufi imewaita sawa mbele ya majirani, lakini mtambo wa KUCCPS haujawahi kuwaona sawa hata siku moja.

Tumezungumza juu ya pointi. Bado hatujafika kwenye alama zenyewe, na hapo ndipo giza linapokuwa zito.

Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu. Insha ni alama 40, Lugha 80, Fasihi 80. Zinajumlishwa, zinawekwa kwa asilimia, kisha Baraza la Mitihani, KNEC, linaamua kwamba mwaka huu A inaanzia hapa, A- hapa, B+ hapa. Mipaka hiyo hupangwa kwa kila somo, kila mwaka. A ya Hisabati haianzii ilipoanzia A ya CRE, na haina budi kuwa hivyo, kwani mtihani wa mwaka mmoja unaweza kuwa mgumu kuliko wa mwaka uliotangulia na si haki watahiniwa kuadhibiwa kwa hilo. Sawa kabisa. Lakini mwishoni unapewa slipu yenye herufi, na alama zako huoni hata moja. Hujui kama B yako ya Kiswahili ilikosa B+ kwa alama moja au kwa sita. Hujui kama ni Insha iliyokuangusha au Fasihi.

Linganisha na watoto wa darasa la nane wa zamani. Hadi KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, mtoto wa miaka kumi na minne aliambiwa wazi: una 327 kati ya 500, Hisabati 68, Kiswahili 71. Alijua. Anapofika miaka kumi na minane, na mtihani sasa unaamua maisha yake, anafichwa. Mwenye kunieleza mantiki ya jambo hili ajitokeze, nitamsikiliza.

Baraza linaruhusu uombe karatasi isahihishwe upya, kwa ada. Ni jambo zuri. Ila fikiria unavyoomba. Mzazi anayeuza mitumba Gikomba atoe pesa kwa ajili ya Kemia au ya Fizikia? Anayejua kwamba mwanawe alikosa gredi kwa alama moja ana sababu ya kulipa. Anayejua alikosa kwa alama tisa atahifadhi pesa zake za nauli ya kwenda TVET. Asiyejua lolote anarusha shilingi hewani.

Giza hilo halimuumizi mwanafunzi peke yake. Linaiacha nchi nzima ikibishana bila ushahidi. Mwaka wa 2016 waliopata A nchi nzima walikuwa 141, ilhali mwaka mmoja kabla walikuwa zaidi ya 2,600. Serikali ilisema ni wizi wa mitihani uliokomeshwa, wengine wakasema usahihishaji na upangaji wa gredi ulikuwa wa mkono mzito. Tuje karibu. Mwaka wa 2023, waliopata C+ kwenda juu walikuwa 201,133. Mwaka wa 2024 wakawa 246,391. Watahiniwa waliongezeka, kweli, lakini hata kwa asilimia walipanda kutoka 22 na ushei hadi zaidi ya 25, na kikokotoo kilikuwa kilekile kipya miaka yote miwili. Je, vijana walisoma zaidi? Mtihani ulikuwa mwepesi? Mipaka ilishuka? Kila mtu ana jibu lake mtandaoni, na hakuna anayeweza kumthibitishia mwingine chochote, kwa sababu sote tunatazama herufi.

Na herufi hizo zina wateja wengine mbali na wewe. Shule. Ile "mean" ya shule inayobandikwa kwenye mabango ya barabarani, 8.1 au 9.4, ni wastani wa pointi za watahiniwa wote. Ukiwa unaelekea kupata D+ ya Fizikia, wewe ni mzigo kwenye bango. Ndiyo maana kulikuwa na wanafunzi walioitwa ofisini mwishoni mwa Fom Tu na kushauriwa kwa sauti ya upole kabisa waachane na Fizikia, "uchukue Biashara, utapasi". Wastani wa shule unapanda. Miaka miwili baadaye kijana anafungua tovuti ya KUCCPS akitafuta uhandisi wa umeme na kugundua kwamba aliutoa sadaka akiwa na miaka kumi na sita. Hakuna aliyemwonyesha hesabu kabla ya kumwomba akubali. Kama una mdogo wako anayekaribia kuchagua masomo, kabla hajaweka sahihi kwenye fomu ya kuchagua masomo, mwambie kwanza atafute kozi tatu anazozitamani na aangalie zinauliza masomo gani. Ni kazi ya nusu saa na bando la shilingi ishirini.

Kuna watakaosema namba zitaleta presha zaidi, kwamba wazazi wataanza kugombeza watoto kwa alama moja moja na magazeti yatarudi kupanga wanafunzi kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Nimelifikiria hilo na sioni kwamba lina uzito. Presha iko tayari. Kijana aliyepata D ndiye anayejificha ndani wiki nzima Januari, na anajificha kwa sababu ya herufi. Pengine akijua kwamba alikosa D+ kwa kidogo, na kwamba Kiswahili chake kilikuwa mlangoni pa B, atakuwa na kitu cha kushika. Pia nani alisema namba zipewe magazeti? Apewe mwenye mtihani, kwa namba yake ya mtihani, kwenye simu yake.

Wenye ndoto ya Marekani wanakutana na mfumo mwingine kabisa. Fomu za vyuo vya huko zinauliza GPA, na hesabu yake ni nyepesi: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri, unajumlisha kila kozi uliyofanya katika miaka minne ya sekondari na kutafuta wastani. Shule nyingine huongezea uzito kwa madarasa magumu, A ikawa 5. Una mapungufu yake, kwani A ya shule moja si A ya nyingine, na walimu wengine wana mkono mwepesi. Lakini mwanafunzi wa huko anaiona GPA yake ikipanda na kushuka kila muhula, na ana miaka minne ya kuirekebisha. Wetu ana wiki chache za Novemba, na akiugua malaria siku ya karatasi ya pili ya Hisabati, hiyo ndiyo historia yake.

Wadogo zetu wa mtaala mpya wako pazuri kidogo kwa hili. KJSEA ya kwanza ilifanywa mwishoni mwa 2025, na viwango vyake vinane vina mipaka iliyotangazwa: EE1 ni asilimia 90 hadi 100, EE2 ni 75 hadi 89, ME1 58 hadi 74, ME2 41 hadi 57, na kuendelea. Masomo tisa, pointi nane kila moja, jumla 72. Ya kupangwa Gredi ya 10 inahesabu mtihani huo kwa asilimia 60, na 40 zilizosalia zinatokana na KPSEA ya Gredi ya 6 na tathmini za shuleni. Unaweza kulalamika kwamba ME2 ni pana mno, maana wa 41 na wa 57 hawafanani hata kwa mbali, na utakuwa umesema kweli. Lakini unalalamika ukijua mpaka uko wapi. KCSE haijakupa hata nafasi ya kulalamika hivyo.

Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027. Kuna watakaosema basi mfumo unaenda zake, tuuache ufe na siri zake. Hao ni mamia ya maelfu ya watu, wengine wao wanasoma haya wakiwa kwenye matatu sasa hivi, na vyeti vyao vitatumika kuomba kazi hadi 2060 na zaidi. KNEC ina alama zao kwenye kompyuta, maana bila alama hizo gredi isingepatikana. Kinachoombwa ni safu moja zaidi kwenye slipu kando ya kila herufi, na mstari mmoja chini unaosema jumla ya pointi ni ngapi kati ya 84. Mipaka ya mwaka huo iwekwe kwenye tovuti, ukurasa mmoja unatosha.

Kwa sasa toa slipu yako. Andika pointi kando ya kila somo, Hisabati kwanza, kisha lugha uliyofanya vizuri zaidi, kisha matano bora. Jumlisha.